Minyoo Shuleni: Jinsi ya Kupanga Dawa, Choo na Kunawa Kama Kazi Moja

Kidonge kimoja cha albendazoli huondoa sehemu kubwa ya minyoo waliomo tumboni mwa mtoto ndani ya siku chache. Mayai yaliyokwisha kuangukia nyuma ya choo cha shule hayaguswi na kidonge hicho, na mtoto yuleyule akicheza hapo wiki ijayo anaanza kuyameza upya. Ndiyo sababu shule inaweza kugawa dawa kila mwaka bila kukosa, na bado watoto wakipimwa baada ya miezi 12 minyoo wa mviringo wanakutwa wamerudi karibu walikokuwa mwanzo. Tatizo halikuwa dawa. Dawa iliachwa ifanye kazi peke yake.

Mwongozo huu ni wa walimu wa afya, kamati za shule na wahudumu wa afya ya jamii. Fuata hatua kwa mpangilio wake, kwa sababu kila moja hutegemea iliyotangulia.

Hatua ya 1: Wajue minyoo wenu

Neno "minyoo" hukusanya viumbe wenye tabia zinazopishana sana. Atakayewashughulikia wote kwa njia moja atafanikiwa kwa aina moja na kushindwa kwa nyingine.

Minyoo wa mviringo, askarisi, ndio wale wakubwa wanaowatisha wazazi wakionekana kwenye kinyesi. Jike hufikia sentimita 20 hadi 35 na hutaga mayai yapatayo 200,000 kwa siku. Yai likitoka na kinyesi haliambukizi siku hiyo. Linahitaji kukaa kwenye udongo wenye unyevu na joto kwa wiki mbili au zaidi ndipo likomae, na likikomaa linaweza kubaki hai miaka kadhaa. Kwa hiyo mtoto hapati askarisi kwa kukaa dawati moja na mwenzake mwenye minyoo. Anawapata kwa udongo ulioingia kinywani: kwenye kucha, kwenye tunda lisiloshwa, au kwa kula udongo wenyewe. Yai likimezwa, lava, yaani mnyoo mchanga, hutoka, hutoboa ukuta wa utumbo, husafiri kwa damu hadi mapafuni, hupanda kooni na kumezwa tena. Mtoto anaweza kukohoa katika kipindi hicho bila mtu kufikiria minyoo. Miezi miwili hadi mitatu tangu kumeza yai, mnyoo mpya anaanza kutaga.

Minyoo wa mjeledi ni wadogo, kama sentimita 4, na huchomeka sehemu yao nyembamba ndani ya ukuta wa utumbo mpana. Njia ya maambukizi ni ileile ya askarisi. Wakiwa wengi, mtoto huharisha kamasi na damu kwa muda mrefu, hudumaa, na wakati mwingine sehemu ya mwisho ya utumbo hutokeza nje anapojikamua chooni.

Minyoo wa safura hawana hata haja ya kumezwa. Mayai yao huanguliwa kwenye udongo ndani ya siku moja au mbili, na baada ya siku 5 hadi 10 lava huwa tayari kupenya ngozi ya mguu. Hupenda udongo wa kichangachanga, wenye kivuli na unyevunyevu. Wakifika utumboni hung'ata ukuta wake na kunyonya damu. Mnyoo mmoja hunywa kidogo sana, lakini mamia kwa miezi humaliza akiba ya madini ya chuma mwilini. Mtoto huyu hasemi anaumwa tumbo. Anachoka, anahema akipanda mlima, viganja na kope zake za ndani zimepauka, na mwalimu anadhani ni mvivu.

Minyoo wa uzi ni jambo jingine kabisa. Jike hutoka usiku na kutaga kwenye ngozi ya njia ya haja kubwa, mtoto anawashwa, anajikuna, na mayai yanaingia chini ya kucha. Mayai hayo hayahitaji udongo. Baada ya saa chache tu yanaambukiza. Shuka, mpini wa mlango, kalamu iliyoazimwa, vyote ni njia. Nitawarudia mbele, kwa sababu dawa ya siku moja shuleni haiwamalizi.

Pale ambapo watoto huoga au kuvua kwenye maziwa, mito na mifereji yenye konokono, ongezeni kichocho cha tumbo. Dawa yake ni prazikwanteli, albendazoli haikitibu. Na mtoto anayeharisha kwa sababu ya amiba au giadia hana minyoo: vimelea hao ni wa chembe moja, na dozi moja ya dawa ya minyoo haitamponya. Anahitaji kupimwa kituoni.

Na hili lisemwe waziwazi kwa wazazi: sukari na peremende hazizai minyoo, na kusaga meno usingizini si dalili ya kuaminika. Mzazi anayesubiri dalili hizo humkosa mtoto wa safura, ambaye hasagi meno wala haumwi tumbo.

Hatua ya 2: Pimeni kabla ya kuanza

Lengo la kipimo hiki si kumtafuta nani ana minyoo ili atibiwe yeye peke yake. Ni kujua eneo lina minyoo kiasi gani na wa aina gani. Kumpima kila mtoto hugharimu kuliko kumtibu, na dawa zenyewe ni salama, kwa hiyo eneo likivuka kiwango fulani watoto wote hupewa. Shirika la Afya Duniani linashauri dawa mara moja kwa mwaka pale watoto 20 au zaidi kati ya 100 wana minyoo wanaoenezwa na udongo, na mara mbili kwa mwaka pale wanapozidi 50 kati ya 100. Chini ya 20, tibuni mmoja mmoja anayekutwa nao.

Uamuzi wa eneo hufanywa na mamlaka ya afya, si shule moja. Shule husaidia kwa kutoa sampuli nzuri. Utaratibu wa kawaida ni kuchukua watoto wapatao 50 wa darasa la tatu au la karibu nalo, waliochaguliwa bila upendeleo, katika shule kadhaa. Mpe kila mtoto kikopo chenye kifuniko na jina lake jioni, akilete asubuhi kikiwa na kinyesi cha siku hiyo. Kinyesi kisichanganyike na mkojo wala udongo, na kikopo kikae kivulini.

Kipimo kinachotumika sana ni cha Kato-Katz. Kinyesi hupitishwa kwenye wavu mwembamba, hujazwa kwenye tundu la kibao linalobeba miligramu 41.7, hufunikwa kwa karatasi ya selofani iliyolowekwa kwenye gliserini, kisha huhesabiwa mayai kwa hadubini. Idadi ikizidishwa kwa 24 inatoa mayai kwa kila gramu. Kinachoharibika mara nyingi hapa ni muda. Mayai ya safura huyeyuka na kutoweka machoni; slaidi isomwe ndani ya dakika 30 hadi 60. Maabara iliyopokea vikopo asubuhi na kusoma slaidi alasiri itaandika kwamba shule haina safura, na shule itaamini.

Ombeni matokeo ya idadi ya mayai, msiridhike na "ana" au "hana". Kwa askarisi, mayai 50,000 au zaidi kwa gramu ni maambukizi makali. Kwa mjeledi ni 10,000. Kwa safura ni 4,000. Watoto hao ndio wanaodumaa na kupungukiwa damu, na ndio wanaomwaga mayai mengi zaidi kwenye udongo wa wote.

Hatua ya 3: Dawa na kipimo chake

Watoto wa umri wa shule hupewa albendazoli miligramu 400 au mebendazoli miligramu 500, kidonge kimoja, mara moja. Uzito hauhitajiki. Mdogo wa miezi 12 hadi 23 aliyeletwa na mama hupewa nusu ya albendazoli, yaani miligramu 200. Chini ya miezi 12, hapewi.

Dawa hizi mbili hazilingani. Kwa askarisi zote ni nzuri. Kwa safura, dozi moja ya albendazoli inaishinda mebendazoli kwa mbali, hivyo eneo lenye safura nyingi lisiridhike na mebendazoli ya dozi moja kama albendazoli inapatikana. Kwa mjeledi, dozi moja ya dawa yoyote kati ya hizo huwaponya wachache tu, ingawa hupunguza idadi ya mayai. Mtoto mwenye mjeledi wengi na kuhara damu apelekwe kituoni, ambako hutibiwa kwa siku kadhaa mfululizo.

Prazikwanteli hutolewa kwa kimo. Fimbo iliyochorwa alama, ikisimamishwa ukutani, inatosha. Kwa vidonge vya miligramu 600:

- sentimita 94 hadi 109: kidonge 1
- 110 hadi 124: kidonge 1 na nusu
- 125 hadi 137: vidonge 2
- 138 hadi 149: vidonge 2 na nusu
- 150 hadi 159: vidonge 3
- 160 hadi 177: vidonge 4
- 178 na kuendelea: vidonge 5

Aliye chini ya sentimita 94 hapewi kwenye zoezi la shule. Watoto wavue viatu wanapopimwa. Soli nene inamhamisha mtoto kutoka mstari mmoja hadi mwingine. Prazikwanteli ni chungu, basi imezwe na maji bila kutafunwa, na mtoto awe amekula. Akinywa tumbo likiwa tupu, kichefuchefu na maumivu ya tumbo huongezeka, na darasa likimwona mmoja akitapika, walio nyuma yake kwenye foleni huanza kukataa. Albendazoli na mebendazoli hazina sharti la chakula kwa kazi hii.

Hatua ya 4: Wiki mbili za maandalizi

Hesabuni vidonge kwa idadi ya watoto walioandikishwa, kisha ongezeni asilimia 10. Shule ya watoto 480 inahitaji 528. Angalieni tarehe ya mwisho wa matumizi kwenye kila kopo, si kopo la juu peke yake. Dawa ikae mahali pakavu, penye kivuli, pamefungwa.

Barua au kikao cha wazazi kiseme mambo matano: dawa gani, ya nini, siku gani, nani hatapewa, na kwamba mtoto mwenye minyoo wengi ndiye anayeweza kuumwa tumbo zaidi siku hiyo. Hilo la tano ndilo linalosahaulika, na ndilo linalozuia uvumi. Mzazi aliyeambiwa mapema kwamba mtoto anaweza kuumwa tumbo au kutoa mnyoo huichukulia kuwa dawa inafanya kazi. Ambaye hakuambiwa atasema mtoto amewekewa sumu, na habari hiyo husambaa kabla ya kengele ya mwisho. Wapeni wazazi nafasi ya kuuliza na ya kukataa. Kukataa kuandikwe bila ugomvi.

Msiweke siku ya dawa wakati wa mitihani wala siku ya kabla ya likizo. Mkiiweka siku ya kufunga shule, hakutakuwa na wa kufuatilia waliokosa.

Fahamisheni kituo cha afya cha karibu tarehe na saa, na mpate namba ya simu ya mhudumu atakayekuwa zamu.

Hatua ya 5: Siku yenyewe

Hapa ndipo hatari kubwa kuliko zote ilipo, nayo si sumu ya dawa. Ni kupaliwa. Watoto wadogo wamewahi kupoteza maisha kwa kidonge kilichokwama kooni, kwa sababu mtu mzima aliwashika na kuwalazimisha. Basi sheria hizi zisivunjwe na yeyote, hata foleni iwe ndefu kiasi gani:

Mtoto apewe dawa akiwa ameketi au amesimama wima, ametulia. Anayelia hapewi mpaka anyamaze. Akiendelea kulia, aahirishwe siku nyingine. Usimbane pua, usimlaze chali, usimtie kidonge mdomoni kwa kidole. Aliye chini ya miaka 3 asagiwe kidonge katikati ya vijiko viwili hadi kiwe unga, uchanganywe na maji safi kidogo. Vidonge vya kutafuna vitafunwe kabisa kabla ya kumezwa, naye mgawaji amwangalie mtoto hadi amalize.

Akipaliwa na hawezi kukohoa wala kutoa sauti, muinamishe mbele na umpige kwa kiganja mapigo 5 kati ya mabega. Isipotoka, simama nyuma yake, funga ngumi juu kidogo ya kitovu, shika kwa mkono wa pili, vuta ndani na juu mara 5. Rudia kwa zamu huku mwenzako akiita msaada. Akipoteza fahamu, mlaze na uanze kumkandamiza kifua. Wagawaji wote wajizoeze mikono hii siku moja kabla, si kusikia tu. Mtoto wa chini ya mwaka 1 hafinywi tumbo hivyo, na ni sababu nyingine ya kutowaingiza watoto wachanga kwenye foleni.

Pangeni vituo vitatu kwa darasa moja moja. Cha kwanza ni meza ya majina: daftari la darasa na maswali mafupi. Je, una homa, unatapika, unaharisha sana leo? Umewahi kupata mzio wa dawa hii? Una degedege au kifafa? Mgonjwa wa siku hiyo huahirishwa. Mwenye kifafa, hasa pale penye tegu wa nguruwe, asipewe dawa shuleni; apelekwe kituoni, kwa maana lava wa tegu waliojificha kwenye ubongo wakifa kwa dawa, hasa prazikwanteli, uvimbe unaofuata unaweza kuleta degedege. Wasichana wakubwa waulizwe faraghani, na mwalimu wa kike au muuguzi, kama kuna uwezekano wa ujauzito. Albendazoli na mebendazoli hazitolewi katika miezi mitatu ya kwanza. Swali hili lisiulizwe kwenye foleni kamwe. Msichana atadanganya kulinda heshima yake, na ana haki ya kuilinda.

Kituo cha pili ni cha dawa. Kidonge kimiminwe kwenye kifuniko cha kopo kisha kwenye kijiko au kiganja cha mtoto aliyenawa, bila vidole vya mgawaji kukigusa. Maji safi na vikombe viwe karibu.

Kituo cha tatu ni kukaa. Darasa lote likae kivulini nusu saa, mwalimu akiwatazama.

Alama kwenye daftari iwekwe baada ya kumeza, kamwe si kabla. Tumieni herufi zinazoeleweka: tiki kwa aliyemeza, G kwa asiyekuwepo, M kwa mgonjwa, K kwa aliyekataa, T kwa aliyetapika. Aliyetapika asirudishiwe dozi kwa kubahatisha; mhudumu wa afya aamue. Na hakuna kidonge cha kwenda nacho nyumbani. Kikiingia mfukoni, hutajua kama kilimezwa, kilitupwa, au kilimfikia mdogo wake wa miezi sita.

Mwisho wa siku, vidonge vilivyotoka kwenye makopo viwe sawa na tiki pamoja na vilivyoanguka. Hesabu zikikataa, tafuteni sababu siku hiyohiyo.

Hatua ya 6: Siku mbili zinazofuata

Maumivu madogo ya tumbo, kichefuchefu, kuumwa kichwa na uchovu kwa kawaida hupita ndani ya siku moja au mbili. Mtoto apumzike, anywe maji. Mnyoo akitoka, hata kwa mdomo au pua, mtulizeni mtoto. Ni tukio la kuogofya kwake. Mnyoo huyo atupwe chooni.

Mtoto ambaye tumbo limevimba na kuwa gumu, anatapika majimaji ya kijani na hajapata choo wala kutoa hewa, huenda askarisi wamejifunga na kuziba utumbo. Apelekwe hospitali mara moja, na asipewe dawa nyingine ya minyoo njiani. Vivyo hivyo uvimbe wa uso au shida ya kupumua baada ya dawa ni dharura.

Waliokuwa na G na M watafutwe ndani ya wiki mbili. Msiwasahau watoto wa mtaa wasiosoma. Mayai yao yanaangukia udongo uleule. Ndiyo maana lengo la kuwafikia angalau watoto 75 kati ya 100, lililowekwa na Mkutano wa Afya Duniani mwaka 2001, ni la watoto wote wa umri wa shule walio hatarini, wawe darasani au la. Tuseme tiki ni 412 kati ya watoto 480 walioandikishwa: hiyo ni asilimia 85.8. Ukigawa kwa waliohudhuria siku hiyo, takwimu itapendeza zaidi na itakuwa imewaficha hasa watoto wa utoro, ambao mara nyingi ndio wagonjwa.

Kidonge hakirudishi damu iliyopotea. Mtoto aliyepauka apimwe damu na apewe madini ya chuma kwa maelekezo ya kituo.

Hatua ya 7: Choo ambacho mtoto mdogo atakubali kukitumia

Kiwango cha Shirika la Afya Duniani kwa shule ni tundu 1 kwa wasichana 25, na tundu 1 pamoja na sehemu ya kukojolea kwa wavulana 50. Shule nyingi ziko mbali na hapo. Lakini kabla ya kuhesabu matundu, nenda nyuma ya choo kilichopo, tembea polepole, utazame chini. Ukikuta kinyesi, una choo ambacho watoto wanakikimbia, na kuongeza kingine cha aina hiyo hakutasaidia.

Wadogo hukimbia choo kwa sababu za kueleweka: tundu pana wanaloogopa kutumbukia, giza, mlango usiofungwa, sakafu yenye majimaji wanayokanyaga peku, harufu, wakubwa wanaowasukuma. Karibu zote zinarekebishika bila kuchimba shimo jipya. Madarasa ya chini yapewe vyumba vyao, na tundu dogo ambalo mguu wa mtoto hauwezi kuteleza ndani. Dirisha la juu lenye wavu, komeo la ndani linalofikika, kifuniko cha tundu, na maji au karatasi za kujisafishia kila siku. Kukiwa hakuna cha kujisafishia, watoto watatumia ukuta na vidole.

Sakafu ioshwe kila siku kwa maji na sabuni, kuanzia kwenye kuta kuelekea tunduni. Msitegemee klorini kuua mayai ya askarisi. Gamba lake linaihimili. Kinachosaidia ni kuyasukumia shimoni. Maji machafu ya kudekia yakimwagwa nje ya mlango, mmebeba mayai mkayapanda pale watoto wanapopita. Kazi ya usafi wa choo isiwe adhabu kwa watoto, na atakayeifanya awe na viatu vya mpira na glavu.

Shimo liwe angalau mita 30 kutoka kisimani, na chini yake pabaki mita 1.5 au zaidi kabla ya kufikia maji ya ardhini. Kinyesi kikifika nusu mita kutoka juu, lifungwe na kufukiwa. Kilichomo kisitumike bustanini kabla hakijakaa muda mrefu. Mahali penye joto ni zaidi ya mwaka mmoja bila kuongezewa kipya, penye baridi karibu miwili.

Palipo na safura, fyekeni nyasi na matawi yanayotia kivuli kwenye njia ya choo na nyuma yake ili jua likaushe udongo, kwani lava hufa kwa ukavu. Na viatu. Shule isimfukuze asiye navyo, bali iweke ndara chooni za kuvaliwa na yeyote anayeingia. Viatu huzuia safura. Haviwazuii askarisi wala mjeledi.

Hatua ya 8: Maji ya kunawa, kwa hesabu

Mtoto akitumia mililita 150 kwa kunawa mara moja, na akinawa mara mbili kwa siku, shule ya watoto 480 inahitaji lita 144 kila siku. Andikeni nani anazileta na saa ngapi. Shule zinazoanza kwa shangwe na ndoo moja hubaki na ndoo kavu kabla ya saa nne.

Kibuyu chirizi ni rahisi kutengeneza. Chukua dumu la lita 5, toboa tundu dogo kwa msumari wa moto kama sentimita 12 chini ya mfuniko. Simika miti miwili yenye panda, ichimbiwe nusu mita, iachane sentimita 70 hivi, na dumu lining'inie kwenye mti wa kulala usawa wa kifua cha mtoto wa darasa la kwanza. Funga kamba shingoni mwa dumu, ishuke hadi kwenye kijiti cha kukanyaga. Mwagia kokoto chini ili pasiwe tope, maana tope chini ya bomba ni makazi mapya ya safura. Dumu moja hutosha watoto wapatao 30 tu.

Sabuni ya kipande hupotea, kisha hufungiwa ofisini, kisha haitumiki. Changanyeni gramu 30 za sabuni ya unga katika chupa ya maji ya lita 1.5, mtoboe kifuniko, mning'inize chupa. Haishawishi mtu kuiba, na ikiisha inajazwa kwa dakika moja. Mtoto asugue kwa sekunde 20, pamoja na chini ya kucha, baada ya choo na kabla ya kula. Kucha zikatwe kila wiki. Kwenye kucha ndefu sabuni haifiki.

Hatua ya 9: Minyoo wa uzi humalizwa nyumbani

Mtoto anayejikuna usiku na kusinzia darasani apimwe kwa utepe wa gundi. Asubuhi akiamka, kabla hajaenda chooni wala kuoga, mzazi abandike upande wenye gundi kwenye ngozi ya njia ya haja kubwa, aubandue, aubandike kwenye kioo cha slaidi na kuupeleka maabara. Afanye hivyo asubuhi tatu. Kinyesi cha kawaida mara nyingi hakionyeshi mayai haya.

Watu wote wa nyumba watibiwe siku moja na warudie baada ya wiki mbili, kwa sababu dawa huua minyoo na kuyaacha mayai, ambayo huanguliwa baadaye. Asubuhi ya dawa mtoto aoge, abadilishe nguo ya ndani, mashuka yafuliwe kwa maji ya moto bila kukung'utwa. Kukung'uta hurusha mayai hewani. Hali hii si ya uchafu wala ya aibu, na mwalimu asiitaje mbele ya darasa.

Hatua ya 10: Pimeni tena, kwa wakati unaofaa

Kipimo cha wiki mbili hadi tatu baada ya dawa hueleza kama dawa ilifanya kazi. Kipimo cha mwaka mmoja baadaye, mwezi uleule, darasa lilelile, kabla ya dozi mpya, hueleza kama udongo umebadilika. Msivichanganye viwili hivi.

Mjeledi wakibaki juu katika kipimo cha kwanza, zungumzeni na kituo kuhusu dawa. Safura wakishuka kisha wakarudi mwaka unapokwisha, rudini nyuma ya choo na kwenye miguu ya watoto. Askarisi wakirudi, angalieni vyoo vya darasa la kwanza na la pili, maji ya kunawa, na wadogo wa nyumbani ambao hawajaanza shule, maana huenda hao hawajawahi kupata kidonge hata kimoja.